Old School RuneScape (OSRS), Albion Online au Final Fantasy XIV: ungebaki na gemu ipi kama simu ni moja na bando ni la kuhesabu?

mtu_wa_kirumba (Mwanza)

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wale mnaocheza haya magemu ya mtandaoni ya kukuza mhusika, sio mpira wala ya risasi. Mimi nipo Old School RuneScape muda mrefu sasa, nacheza kwenye simu, na kusema ukweli siku hizi sijui kama naipenda au nimeizoea tu.

Kinachonishika ni kwamba ulichopata ni chako. Humo ndani ya gemu unaenda bandari ya Port Sarim unalipa sarafu 30 unapanda meli mpaka kisiwa cha Karamja, unatega kamba koche, levo ya uvuvi ikipanda fataki zinapasuka juu ya kichwa chako, na ile levo hakuna wa kukunyang'anya hata usipoingia mwaka mzima. Nimetoka kazini nimechoka, nimekaa nje naangalia begi linajaa samaki mmoja mmoja, kichwa kinatulia kabisa. Hiyo hali sijaipata kwenye gemu nyingine yoyote.

Sasa upande wa pili. Levo 99, ambayo ndiyo kilele, inataka XP (pointi za uzoefu) 13,034,431 kwa skili moja, na ukifika 92 ndio kwanza uko nusu ya safari. Ukicheza bure milango mingi imefungwa, skili kibao ni za wanachama tu, hata hiyo Sailing iliyoingia Novemba 2025, skili mpya ya kwanza tangu Old School ifunguliwe 2013, nayo ni ya wanachama. Bond, yaani tiketi ya uanachama, unaweza kununua kwa dhahabu ya humo humo ndani ukapata siku 14 za uanachama, ila mimi zile siku 14 naishi kama mtu anayedaiwa, nikila nacheza, nikipanda daladala nacheza, yote ili nipate dhahabu ya Bond inayofuata, sasa hapo starehe iko wapi? Imekuwa kibarua.

Na kuna upweke. Vijana wa mtaani wote wamehamia Albion Online wanapiga stori za huko mi nabaki nasikiliza, binamu yangu aliye Kanada naye ananivuta Final Fantasy XIV. Muda wangu ni baada ya kazi tu. Nataka nibaki na moja. Nyie mngebaki na ipi, na kwa nini?

bandari_kuu (Mombasa)

Ndugu yangu njoo Albion, tena njoo leo. Mimi RuneScape niliicheza, ni nzuri, lakini haina soko la kweli. Pale Grand Exchange, soko lake kuu, unaweka oda unaenda kulala, bei ni moja kwa wote. Albion kila mji una soko lake na bei zake na mzigo haujipeleki, ni wewe uubebe. Kusafisha mbao kunalipa zaidi ukifanyia Fort Sterling, ngozi ni Martlock, madini ya chuma ni Thetford, kwa hivyo mtu ananunua huku, anapakia kwa maksai, anapeleka kule. Na mji wa Caerleon uko katikati umezungukwa na kanda nyekundu, zile za hatari, ukiitaka bei ya huko sharti upite mahali pa kuuawa. Sisi watu wa bandari haya mambo tunayaelewa bila kufundishwa.

Halafu karibu kila upanga na kila kofia unayoona imetengenezwa na mchezaji kama wewe. Na hufungwi na kazi moja, ukishika upinde wewe mpiga mishale, kesho ukishika fimbo ya moto wewe mchawi. Ni bure tangu 2019 na kwa simu iko tangu 2021, mhusika ni yule yule kwa simu na kwa kompyuta.

kipusa_wa_nakuru

Bandari umeeleza ya soko ukaruka ya kufa. Mwambie yote.

RuneScape ukifa nje ya Wilderness, lile eneo la wachezaji kuuana, vitu vyako vinakungoja kwa kaburi dakika 15, unarudi unachukua, maisha yanaendelea. Albion kanda ya buluu na ya njano si mbaya, kwa njano wachezaji wenzako wanakuangusha tu. Lakini nyekundu na nyeusi ukiuawa umepoteza kila kitu ulichovaa na kila kitu kilicho kwa begi, vingine vinaharibika papo hapo na vilivyobaki anabeba aliyekuua. Sasa fikiria uko ndani ya matatu, netiweki imekatika kidogo tu, ikirudi unajikuta mjini mikono mitupu na ule mzigo wa ngozi wa wiki nzima uko kwa mtu mwingine. Nimeona wasichana wawili kwa gildi yetu, yaani kikundi chetu cha wachezaji, wakiacha kabisa kwa sababu hiyo, na walikuwa wachezaji wazuri sana, iliniuma.

Na gildi zenyewe zinataka mtu. Seva ya Ulaya vita vikubwa viko kama saa 18 mpaka 20 kwa saa za UTC, kwetu hiyo ni saa tatu mpaka saa tano usiku, na wanataka uwe kwa Discord, ile app ya kuongea, unasikiliza kiongozi. Mimi niko na mtoto wa kulaza na kesho kazi. Nilibaki RuneScape kwa hiyo tu, naweza kuweka simu chini nikaenda kupakua ugali na hakuna mtu nimemwangusha. Pia napenda vile wachezaji tunapiga kura, kitu kipya kinapelekwa kwa kura na kisipofika asilimia 70 hakiingii. Unahisi gemu ni yenu.

mzee_wa_ruwi (Muscat)

Assalaam aleikum vijana. Niiseme hiyo ya tatu maana hakuna aliyeigusa. Final Fantasy XIV kwa hadithi naiweka juu ya zote mbili, kuna sehemu nilikaa mpaka alfajiri nataka kujua nini kitatokea. Jaribio lake la bure halina mwisho wa muda, unacheza mpaka levo 70 na nyongeza mbili za mwanzo, Heavensward na Stormblood, zimo humo humo bila senti.

Lakini mwanangu kwa hali uliyoieleza sikushauri. Kwanza inataka kompyuta au konsoli, na kuidaunlodi peke yake kutamaliza bando lako. Pili mchezaji wa bure hatumii soko la wachezaji, haingii kwenye chama, pesa zake zinagota 300,000, na kundi haanzishi yeye, ni mpaka binamu amwalike. Tatu ukishalipia hurudi tena kwenye bure kwa akaunti hiyo, halafu ni ada kila mwezi.

Jambo jingine ambalo watu wa kwetu tunalisahau ni umbali. Hakuna kati ya hizi tatu yenye seva Afrika Mashariki. RuneScape inahesabu mambo kwa mapigo ya sekunde 0.6, basi hata ping, yaani muda wa amri yako kwenda kwa seva na jibu kurudi, ikiwa milisekunde 200 huumii sana. Albion ukipigana na mtu aliye Ulaya kwao, huko kuchelewa kidogo tu anakuwa ameshakumaliza.

dogo_ubungo

Mi naona mnasahau hela. Kuna kipindi Wavenezuela walikuwa wanaua madragoni wa kijani RuneScape wanauza dhahabu kwa dola na wanakula. Si abaki huko apige pesa?

kipusa_wa_nakuru

Dogo kuuza dhahabu kwa pesa ya kweli kunakatazwa, akaunti inafungwa na kazi yako yote imeenda. Wale walifanya hivyo kwa sababu nchi yao ilikuwa imeporomoka, haikuwa mchezo kwao. Na huyu ndugu ameshasema gemu imekuwa kibarua, usimwongezee.

mtu_wa_kirumba

Asanteni sana, mmenifungua macho. Final Fantasy naiacha, kompyuta sina. Shikamoo mzee wa Ruwi, hiyo ya ping sikuwahi kuifikiria.

Dada Kipusa umegusa penyewe. Kinachonichosha ni zile siku 14 za Bond, uvuvi wenyewe naupenda mpaka kesho. Kwa hiyo Bond basi, nabaki RuneScape ya bure, nikipata kamba koche wangu wananitosha. Lakini wale vijana nao nimewamisi jamani, mtu hawezi kuvua peke yake kila siku. Jumamosi nitaingia nao Albion, buluu na njano tu, nijaribu biashara. Bandari, vijana wengine wako seva ya Amerika wengine Ulaya, nianzie wapi?

bandari_kuu

Ulaya. Ile iko Amsterdam tangu 2024, ping yake kwetu ni afadhali kuliko Amerika. Na kubalianeni kabisa kabla hujaanza maana mhusika hahami kutoka seva moja kwenda nyingine, hawa wa Amerika itabidi waanze upya. Ukimaliza mafunzo unachagua mji wa kuanzia, chagua Martlock, nitakupa ngozi za kwanza na begi, na njia za njano nitakuonyesha mimi mwenyewe.