Sindano ya miezi mitatu kwa mbwa jike: tuendelee nayo au tuiache?

Mleta mada: Wakuu, hii sindano ya uzazi wa mpango wanayochomwa mbwa majike mitaani, ile ile ya miezi mitatu ya akina mama, mimi naona tuachane nayo.

Suzi wangu alianza kutoka damu, madume wakajaa getini tangu alfajiri. Jamaa mmoja anayepita na kibegi cha chanjo akaniambia, "Mzee, elfu ishirini tu, ulale usingizi." Akamchoma palepale kibarazani. Mwezi na nusu baadaye Suzi anamaliza ndoo ya maji, anakojoa kila saa, chakula hagusi, tumbo linakua. Nikajua mimba. Alipopasuliwa, pembe mbili za kizazi zilikuwa nene kama ndizi mzuzu, zimejaa usaha. Amepona, ila kizazi hana tena na mimi laki mbili na nusu sina.

Nilielezwa hivi: dawa hiyo inaiga projesteroni, homoni ya mimba. Ukuta wa kizazi unanenepa na kutoa majimaji, mlango unajifunga, kinga ya mle ndani inashuka. Bakteria walioingia wakati wa joto, yaani siku jike anapotaka dume, mlango ukiwa wazi, wanabaki na chakula cha bure. Ukirudia rudia, kuna uvimbe wa matiti na hata kisukari. Nawasilisha.

Mchangiaji wa 1: Pole, mkuu, lakini unaongea kama mtu wa Masaki. Nina majike watatu wanalinda banda la kuku. Upasuaji wa watatu ni bei ya mtetea wangapi? Na nisipowachoma, kila mzao watoto sita, saba. Umewahi kukuta kiroba kinachezacheza jalalani? Mimi nimekuta. Halafu mbwa aliyetolewa kizazi ananenepa na kulala tu, halindi.

Mchangiaji wa 2: Mimi ni mtu wa mifugo. Dawa ina hatari zake, ila Suzi aliponzwa zaidi na wakati. Anayeitumia humchoma jike akiwa ametulia, katikati ya joto moja na jingine. Damu ikidondoka umeshachelewa, na ambaye hajawahi kupata joto haguswi. Kuna baya zaidi: watu wanamchoma aliyekwisha kupandwa wakidhani mimba itatoka. Haitoki! Mbwa anabeba siku 63 hivi, na uchungu huanza projesteroni ikishashuka. Sasa wewe umemjazia, mlango haufunguki, watoto wanafia ndani. Nimeshawatoa wameoza.

Mleta mada: Daktari, nimekuelewa, ila nani mtaani anauliza hayo? Yule jamaa aliiona damu sakafuni na bado akachomoa sindano. Dawa inayotaka kujua tarehe ya joto lililopita, ukimpa mtu asiyeuliza hata umri wa mbwa, ni bahati nasibu.

Wa kuku, kiroba hicho sikibishii. Ila joto ni wiki tatu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Banda lenye kufuli na paa linatosha, maana dume anaruka ukuta. Wengi tunakosea hapa: damu ikipauka ikawa kama maji ya kuoshea nyama, tunamfungulia tukidhani yameisha, kumbe ndipo anapokubali kupandwa. Kunenepa ni kweli, mpunguzie ugali. Kulala, hapana: Suzi hana kizazi na bado anamkoromea kila bodaboda.

Mchangiaji wa 2: Niongeze, upasuaji nao una lake. Baadhi ya majike, hasa wakubwa kwa umbo, huja kuvuja mkojo wakilala. Hata hivyo jike wa ulinzi asiyehitajika kuzaa ningempasua.

Mchangiaji wa 1: Kufuli naweza. Upasuaji labda mmoja mmoja, nikiuza kuku wa Krismasi.

Mleta mada: Sawa. Hao watatu walichomwa lini mara ya mwisho? Na kuna anayekunywa maji kupita wenzake?

Mchangiaji wa 1: Mwezi uliopita. Ngoja nikaangalie ndoo.