Hivi nyie mliridhika na vile kampuni ya Games Workshop walivoimaliza Warhammer ya zamani, ule mchezo wa vita vya vinyago juu ya meza?

Kijana wa Michenzani: Jamani mie mpaka leo roho haijanitulia. Nna jeshi la Tomb Kings, wale wafalme maiti walofufuka, ami yangu wa Uingereza alikuwa akiniletea kidogo kidogo kila akija likizo, napaka rangi usiku, umeme ukikatika nangoja asubuhi. 2014 wakaanza vile vitabu vya End Times nikasema haya, hadithi ilokuwa imeganda miaka sasa inakwenda. Kumbe inakwenda kuzikwa! Machi 2015 tumefika kitabu cha mwisho, cha Archaon, mashujaa wamekusanyika, bado kidogo tu dunia iokoke, mara Mannfred, yule mnyonya damu, anamgeuka mchawi Gelt anamuua na kila kitu kwisha. Ndo basi? Mchezo wa tangu 1983 unafia kwenye choyo cha mtu mmoja?

Mpemba wa Wete: Yakhe mie mwisho haukuniuma kama yalofuata. Julai mwaka uleule ukaja mchezo mpya wa badala yake, Age of Sigmar, sheria kurasa nne, pointi za kulinganisha majeshi hakuna, kila mtu alete anachotaka, binamu yangu akanijia na majoka matatu nkamwambia haya sasa tunacheza au tunaoneshana? Na ile sheria ya shujaa Kurt Helborg, ukimzidi mwenzako masharubu unarusha dado tena, na mie usoni kweupe toka nizaliwe 😂 Pointi zimerudi 2016, mie nishauza.

Bi Kahawa: Biashara hiyo. Jeshi la Fantasy, hiyo Warhammer ya zamani, lilitaka vinyago vingi, mgeni akipiga hesabu anakimbia, na sie wa zamani tushanunua hatununui tena. Lakini na wao, biashara ikilala si unabadilisha bidhaa, wao wamechoma mtaa mzima.

Dado Sita: Mnaweka matanga ya mtu alofufuka nyie. Mchezo wenyewe umerudi kwa jina la The Old World, umetoka Januari 2024, vitako vya mraba vya kusimamishia vinyago vimerudi, hadithi wameirudisha nyuma huko kabla ya Karl Franz, mfalme wa hadithi ya zamani, na majeshi waloanza nayo ni mashujaa wa farasi wa Bretonnia na hao hao Tomb Kings.

Kijana wa Michenzani: Najua kaka, na hapo ndo penye uchungu. Mie kwa ujinga wangu nliwabandua wote kwa kisu nkawatia vitako vya duara vya Age of Sigmar, mia na kitu, wengine miguu ilikatika. Na hata nkirudi huko nyuma, si nishajua Mannfred atakuja kufanya nini.

Mpemba wa Wete: Njoo nao Jumamosi nakuja Unguja, gundi ninayo.