Bima ya kulinda kipato Uingereza: mgongo umegoma, dai linaanzia wapi?

Mwanamrima
Habari wakuu. Naulizia kwa niaba ya dada yangu aliyeko Leicester. Anahudumia wazee kwenye makao yao, mshahara pauni 2,100 kwa mwezi kabla ya kodi. Ana bima ya kulinda kipato aliyokata mwenyewe: pauni 1,260 kwa mwezi, kipindi cha kusubiri wiki 13. Disiki ya mgongo imeteleza, GP (daktari wa kliniki ya mtaani) kamwandikia asiende kazini, na hii ni wiki ya tano. Kazini anapata ile posho ya ugonjwa ya kisheria tu. Je, asubiri wiki 13 ziishe ndipo adai? Makato ya bima aendelee kulipa na mfuko umekauka? Halafu mama anataka aje Tanga auguzwe nyumbani. Kuna ubaya?

Karani wa Zamu
Aanze leo. Wiki 13 ni za kusubiri pesa, si za kusubiri kutoa taarifa. Mikataba mingi inataka kampuni ijulishwe mapema ndani ya kipindi hicho, na ukichelewa wanaweza kuhesabu kuanzia siku waliyopata taarifa badala ya siku uliyoacha kazi. Apige simu, aombe fomu ya madai na namba ya dai, kisha siku hiyohiyo awaandikie barua pepe ya kuthibitisha walichozungumza.

Makato asiyasimamishe hata kidogo. Kawaida kampuni humsamehe mteja makato pale malipo ya dai yanapoanza, si kabla. Watu wengi wanaangukia hapo: mwezi wa pili hawana kitu, wanafuta agizo la benki, mkataba unakufa, na dai linakufa nao.

Ajue pia malipo huja mwisho wa mwezi. Wiki 13 zikiisha unahesabu mwezi mwingine ndipo pesa ya kwanza iingie, kwa hiyo apange maisha ya miezi minne na ushee. Posho ya kazini inakwenda hadi wiki 28, itamsogeza kidogo.

Karatasi: hati za mshahara (wengi huomba za miezi mitatu, wengine za mwaka mzima), P60 (karatasi ya mwajiri ya jumla ya mshahara na kodi ya mwaka), vyeti vya GP vinavyofuatana bila pengo hata la siku moja, na idhini ya kampuni kuomba taarifa zake za matibabu. Mambo hukwama kwenye ripoti ya GP. Kampuni inaandika barua, kliniki inaiweka kwenye foleni, wiki zinapita, na kila upande unasema unamsubiri mwenzake. Dada apige simu mapokezi aulize mawili: barua imefika? Na ada ya ripoti imelipwa? Kliniki nyingi haziandiki mstari mpaka ada iingie. Picha za MRI na barua za mtaalamu wa viungo asingoje ziombwe, aombe nakala azitume mwenyewe.

Bi Mchangani
Nakazia moja ambalo Karani amelipita. Cheti cha GP kinasema mtu haendi kazini, lakini hakisemi kwa nini ashindwe kufanya kazi *yake*. Kampuni inalipa kwa hilo la pili.

Kwanza asome kwenye mkataba maana ya kushindwa kufanya kazi. Kama ni "kazi yako mwenyewe", yuko vizuri. Kama ni kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wake, watamuuliza kwa nini asikae mapokezi ajibu simu. Na kama ni kipimo cha vitendo vya kila siku, yaani kutembea umbali fulani, kuinama, kushika kalamu, mlango ni mwembamba sana.

Fomu ikiuliza unafanya kazi gani, asiandike "mhudumu wa wazee" akaishia hapo. Aandike zamu ni saa ngapi na ngapi kati yake yuko kwa miguu. Anamgeuza mgonjwa wa kitandani kila baada ya saa mbili. Anasukuma mashine ya kunyanyulia juu ya zulia, na mzee anayenyanyuliwa amefungwa mkanda na anayumba. Anapiga magoti kumvisha mtu soksi za kubana miguu, anajipinda ndani ya bafu jembamba kumwosha mgongo. Pembeni ya kila kitendo aseme sasa kinamshinda wapi: anaweza kukaa dakika 20 ndipo asimame, hawezi kuinama chini ya magoti, na kadhalika. Aombe mwajiri amwandikie barua yenye maelezo hayohayo ya kazi.

Asitie chumvi. Kampuni inaweza kumtuma muuguzi nyumbani, na mitandao ya kijamii wanaipitia. Akiandika "siwezi kutembea" halafu aonekane sokoni na kikapu, hata yale ya kweli yatatiliwa shaka. "Natembea dakika kumi, kisha mguu unakufa ganzi" inatosha, na haipingiki.

Halafu cheti cha GP kina visanduku viwili: hafai kufanya kazi, au anaweza kwa marekebisho fulani. Kikitiwa alama cha pili, na kazini hakuna kazi nyepesi, aombe mwajiri aliseme hilo kwa maandishi. Bila barua hiyo kampuni itasema, mbona daktari amemruhusu.

Mwanamrima
Nashukuru sana. Jambo jingine: alipojaza fomu ya bima hakutaja kuwa aliwahi kwenda kwa GP mara moja kwa maumivu ya mgongo. Itamharibia?

Mizani
Wataiona, maana wanapitia faili la GP. Sheria inayohusika ni ya mwaka 2012, ya taarifa ambazo mteja wa kawaida anatoa anapokata bima, na inatofautisha uzembe na udanganyifu. Akionekana alidanganya kwa kujua, wanaweza kufuta mkataba wasilipe kitu. Ikiwa ni uzembe, swali ni moja: wangejua, wangefanya nini? Kama wangemkatia bima ileile kwa bei ya juu zaidi, wanalipa kwa uwiano. Tuseme alilipa pauni 20 na ingekuwa 30: atapata theluthi mbili, pauni 840 badala ya 1,260. Kama wangeutoa mgongo kwenye bima, dai la mgongo halilipwi, ila bima kwa maradhi mengine inabaki. Na kama swali la fomu lilihusu miaka mitano tu na ile ziara ni ya zamani zaidi, hakuna kosa. Aombe nakala ya fomu aliyojaza asome swali lilivyoandikwa, kabla hajajieleza kwa mtu.

Tanga: asikate tiketi kwanza. Mikataba mingi inaweka ukomo wa kulipa mtu akiwa nje ya nchi zilizoorodheshwa, na Tanzania mara nyingi haimo. Aulize kwa maandishi anaruhusiwa kukaa muda gani. Hata akiruhusiwa, vyeti vya GP na miadi ya hospitali viko Leicester, na pengo la vyeti litaulizwa.

Kwa kuwa bima analipia mwenyewe kwa mshahara uliokwisha kukatwa kodi, malipo yake hayatozwi kodi ya mapato. Kama yuko kwenye Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), atoe taarifa: kila pauni ya bima inapunguza pauni moja kule. Wengi wenye viza ya kazi wamezuiwa kupata Universal Credit, lakini ESA mpya (posho ya serikali kwa anayeshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa), inayotokana na michango ya National Insurance, yaani hifadhi ya jamii, ni jambo jingine. Aiangalie posho ya kazini itakapokwisha.

Akianza kurudi kazini nusu nusu, asiogope kupoteza kila kitu. Mikataba mingi hulipa sehemu: akipata nusu ya mshahara wa zamani, bima nayo hushuka kufikia karibu nusu, hapa pauni 630. Mgongo ukigoma tena baada ya muda mfupi (mara nyingi ndani ya miezi sita au 12), dai hufunguliwa bila kusubiri wiki 13 upya.

Wakikataa, aombe sababu kwa maandishi pamoja na kifungu walichotumia, kisha aandike malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe. Wana wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Likija na halimridhishi, au wiki nane zikipita kimya, anakwenda Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru wa migogoro ya wateja na kampuni za fedha, bure. Tangu tarehe ya barua ya jibu la mwisho ana miezi sita, na barua hiyo huwa inaonekana kama barua nyingine yoyote, kwa hiyo asiitupe kwenye droo bila kusoma.