Naomba ushauri: kutafuta namba zinazojirudia kwenye orodha ndefu

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, natengeneza programu ya duka la jumla pale Ngamiani, natumia lugha ya programu ya Python. Orodha ya wateja ina namba za simu 40,000 na nyingi zinajirudia. Sasa hivi ni lupu (amri zinazojirudia) ndani ya lupu, kila namba inalinganishwa na zote zilizobaki, karibu mara milioni 800! Kompyuta ya dukani inaganda huku watu wakisubiri risiti.

Nipange orodha kwanza ili zinazofanana zikae jirani, kisha niipitie mara moja? Au nitumie seti, yaani mkusanyiko usioweka kitu kimoja mara mbili? Seti naipenda kwa kasi, ila inakula memori, na mashine ina RAM ya GB 2 tu. Kwa namba 40,000 hilo ni tatizo kweli? Halafu kuna zinazoanza na 0 na nyingine +255, mnazisawazisha wakati gani? Nielekezeni tafadhali.