Tupeane uzoefu: nani ameshakaza shingo ya baiskeli mwenyewe nyumbani?

Mwana_Ligula
Wakuu salaam. Nina Hero ya breki za vyuma, nimerithi kwa marehemu babu, ndiyo inanipeleka kibaruani Shangani kila siku. Tatizo ni shingo, pale usukani unapozungukia mbele ya fremu. Nikifunga breki ya mbele inagonga ko! mpaka naisikia kwenye viganja. Kwenye changarawe ndiyo usiseme, kama mtu anatwanga. Nampelekea fundi, anaweka patasi kwenye nati ya juu, nyundo mara tatu, nampa 1,000, narudi nyumbani mfalme. Wiki mbili hazijaisha, ko! tena. Nati yenyewe sasa haina pembe, imekuwa duara kama sarafu.

Nimeamua nijifanyie mwenyewe. Spana malaya kubwa ninayo, grisi ninayo. Ninachoogopa ni goroli. Nilishamwona mtu kazimwaga mchangani, akashinda kapiga magoti mpaka magharibi. Waliowahi kufanya, shusheni uzoefu. Mlianzaje, mliharibu nini, na mlijuaje kwamba hapa sasa imekaa sawa? Hasa hilo la mwisho.

Chumvi_ya_Mikindani
Huyo aliyepiga magoti atakuwa mimi hahaha.

Sisi wa Mikindani chuma kinaliwa na chumvi hata ukikitundika sebuleni. Phoenix yangu ilikuwa haigongi, ilikuwa nzito, usukani unakata kona kama mlango wenye kutu. Nikatoa usukani, nikafungua nati ya juu, washa, nikaizungusha koni, ile pete inayokandamiza goroli za juu, mpaka ikatoka. Goroli za juu zinaonekana, nikazitoa moja moja kwa kijiti. Nikajiona fundi. Nikainua fremu. Uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ukachomoka, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba na chini kuna goroli. Zilimwagika kama mtama. Uani kwangu mchanga mtupu, kuku nao wanakuja mbio wanadhani wamemwagiwa.

Mwanangu ndiye aliyeniokoa. Alichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, akaitia kwenye soksi, akaiburuta mchangani. Zikapatikana zote kasoro mbili, pamoja na misumari mitatu ya nyongeza.

Kosa la pili ndilo kubwa. Nikaenda dukani, naomba goroli mbili za baiskeli. Kijana akanipa, nikachanganya. Usukani ukawa unakwaruza, ukifika mahali unakwama. Kumbe alinipa za ekseli ya mbele, zile ni 3/16 ya inchi, karibu milimita 5. Za shingo kwa hizi baiskeli zetu ni 5/32, karibu milimita 4. Kwa macho utasema ni ndugu, lakini zile mbili nene ndizo zilizokuwa zimebeba baiskeli nzima, nyingine zote zinatalii. Tangu siku hiyo nikibadilisha nabadilisha seti yote, hata nzee na mpya sichanganyi.

Siku hizi naitandikia kanga ya zamani (mama watoto hajui), nailaza ubavu, uma naushika kwa mkono usichomoke. Bakuli, kile kikombe cha chuma zinamokaa goroli, nalijaza grisi kwanza, goroli zinanasa humo kama maharage kwenye ugali. Zikifika mzunguko mzima naacha nafasi ya goroli moja, sizibananishi.

Kijiwe_Lindi
Yaani kwa buku moja mtu unahangaika hivi? Mpe fundi ale.

Mwana_Ligula
Mkuu, piga hesabu ya kila wiki mbili mwaka mzima. Ni 26,000. Na bado inagonga.

Binti_wa_Kitangari
Shikamooni wakubwa. Mimi baiskeli yangu ni ya maji. Bomba likikata huku juu uwandani, watu wa Newala mnajua, tunayafuata mbali. Madumu matatu ya lita 20 nyuma, hiyo ni kilo 60 kabla sijakaa mwenyewe. Mzigo ukiwa nyuma namna hiyo mbele kunakuwa kwepesi, shingo ikicheza kidogo tu usukani unaanza kutikisika wenyewe kama una homa.

Mjomba ndiye aliyenifundisha, na kitu cha kwanza alichosema kitamsaidia mleta mada: kukaza shingo hakuhitaji uone goroli hata moja. Kufungua ni kazi nyingine, ya kupaka grisi. Kukaza unalegeza nati ya juu, unageuza koni iliyo chini yake kidogo sana, unafunga tena nati. Usukani hautoki, uma hautoki.

Kupima alinionyesha hivi. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma papo hapo. Kidole cha mkono mwingine kiweke pale bakuli la juu linapokutana na koni, halafu kihamishie chini, pale uma unapoingia kwenye fremu. Kama inacheza, ngozi ya kidole inafinywa na kuachiwa. Lakini breki zetu za vyuma nazo zina mchezo wake, zinakudanganya. Kwa hiyo geuza gurudumu litazame ubavuni, lisukume tena hivyohivyo. Hapo mchezo wa breki unapotea, unabaki wa shingo peke yake.

Sasa niwaambie nilichoharibu. Mara ya kwanza nilivyoachiwa nifanye peke yangu nilikaza mpaka mkono ukauma. Nikapima kwa breki, kimya kabisa. Nikafurahi. Kesho yake asubuhi nikaenda na madumu matupu, nikaona baiskeli inavuta, nikadhani upepo. Kurudi na maji ndiyo balaa. Nikiegemea kushoto usukani haunifuati, nikiulazimisha unapitiliza, naurudisha unapitiliza upande wa pili. Nilikwenda kama nimelewa ulaka wa mabibo, mita kama hamsini hivi, mpaka kwenye majani. Dumu moja lilipasuka. Watoto wa shule walicheka mpaka nami nikacheka.

Mjomba hakunigombeza. Aliinua mbele, akainamisha baiskeli kidogo, akauachia usukani. Haukuanguka upande wowote, ulibaki umesimama katikati kama askari. Akasema, ukipanda baiskeli wewe husimami, unaanguka kidogo kushoto unajirekebisha, unaanguka kidogo kulia unajirekebisha, na anayekurekebisha ni huyo. Ukimfunga mikono unaanguka kweli. Basi tukalegeza koni robo ya mzunguko, usukani ukaanguka wenyewe kwa uzito wake. Tukapima breki, ikacheza. Tukarudisha nusu ya ile robo. Ukaanguka, na haukucheza.

Kwa hiyo vipimo ni viwili, na vinavutana. Kimoja kinakuambia kaza, kingine legeza. Pale vyote viwili vinaponyamaza ndipo. Mimi nilikuwa nafanya kimoja tu.

Mwana_Ligula
Dada umenifumbua macho. Fundi wangu hajawahi kuinua gurudumu hata siku moja.

Fundi_Masasi
Naona tunasemwa. Ngoja nitetee kambi.

Patasi si kwamba tunaipenda. Nati ya shingo kwa baiskeli nyingi za huku ni spana 32, nyingine 30, na koni ya chini yake ni nyembamba, inataka spana bapa. Seti hiyo ni fundi wangapi wanayo? Kipindi cha korosho ninapanga baiskeli kumi kwa siku, zote za magunia, kila mwenye yake anataka awahi ghalani. Patasi inamaliza haraka. Ila nakiri, inamaliza na nati.

Mleta mada, kwa nini yako inalegea kila wiki mbili? Nakuwekea dau haina washa yenye pua. Kati ya koni na nati ya juu panatakiwa pawe na washa, na ndani ya washa kuna pua inayoingia kwenye mfereji au ubapa wa bomba la uma. Kazi yake ni kuzuia koni isizunguke wakati unafunga nati. Wengi tukiikuta imechakaa tunaitupa. Bila hiyo, ukikaza nati koni inaifuata, unadhani umefunga kumbe umezungusha vyote viwili. Nunua washa, ni hela ya andazi.

Na hata ukiwa nayo, ukifunga nati ya juu mpangilio unabadilika kidogo. Usishangae wala usijione hujui. Mimi miaka yote hii nafunga, napima, nafungua, nageuza koni kidogo, nafunga tena. Mara mbili, mara tatu. Zuia koni kwa spana moja, kaza nati kwa nyingine. Asiyerudia ni mwongo.

Kitu kingine: inua mbele, zungusha usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukifika katikati ukahisi unanasa, kama umeingia kwenye shimo, hapo goroli zimeshachimba vishimo kwenye bakuli na koni. Hiyo haitibiki kwa kukaza. Kadiri unavyokaza ndivyo inavyonasa. Badilisha mabakuli na koni zote, basi.

Mtoto_wa_Lindi
Mimi nina mtumba wa Kijapani wa milimani, shingo yake haina nati hizo. Ina kifuniko juu chenye boliti moja ya kufungua kwa spana ya L namba 5, na boliti mbili ubavuni zinazobana shina la usukani. Ilikuwa inacheza, nikakaza ya juu. Haikubadilika. Nikakaza tena, ikalia krii. Kumbe unatakiwa ulegeze zile za ubavuni kwanza, ya juu uikaze kwa vidole viwili tu mpaka mchezo uishe, unyooshe usukani, halafu ndipo ubane za ubavuni. Za ubavuni ndizo zinazobeba, ya juu inavuta tu wakati wa kupanga. Nilisahau kuzikaza mara moja, usukani ukatazama Kilwa, gurudumu linatazama Mingoyo. Nilikuwa mwendo wa pole, Mungu saidia.

Vipimo ni vilevile vya dada wa Kitangari.

Kijiwe_Lindi
Haya, na mimi nimeenda kupima ya kwangu. Inacheza. Sikuwa najua.

Mwana_Ligula
Mrejesho wakuu. Jumapili nimejifungia uani. Fundi wa Masasi, umeshinda dau, washa haikuwepo. Nimeweka mpya pamoja na nati mpya yenye pembe. Nimerudia kupanga mara nne, si tatu. Usukani unaanguka wenyewe kushoto na kulia, kidole hakifinywi juu wala chini. Nikapanda kwa kiburi mpaka kona ya sokoni, nikafunga breki.

Ko!

Nusura nilie.

Binti_wa_Kitangari
Pole. Inua mbele, shika tairi lenyewe, si uma. Litikise kushoto na kulia.

Mwana_Ligula
Linacheza. Nati ya ekseli upande wa kushoto inazunguka kwa vidole. Babu angenicheka kaburini.

Shingo ilikuwa mbovu kweli, maana usukani wa sasa si ule wa jana. Ila sasa nimezowea, siachi. Nani yuko Ligula au Chikongola ana spana bapa ya koni ya ekseli aniazime mpaka jioni? Kanga ya kutandika ninayo.