Vifaranga 100 na baridi ya Julai Dodoma: balbu moja inatosha?

Swali: Wakuu, habari. Napokea vifaranga 100 wa siku moja, niko Nkuhungu. Chumba ni cha tofali, bati halina dari, usiku upepo unapiga. Balbu ya wati 100 itatosha?

Jibu 1: Haitoshi, mkuu. Tafuta taa ya joto ya wati 250, ining'inize kwa mnyororo (si kwa waya wake), sentimita 45 juu ya maranda. Zungusha hadibodi duara, kipenyo mita 1.6 hivi. Usiache kona: hurundikana humo, wa chini wanakosa hewa. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza 3 kila wiki. Pima usawa wa mgongo wa kifaranga, siyo ukutani. Maranda sentimita 5 na zaidi, taa iwake mapema kabla hawajafika, maana saruji hunyonya joto sana.

Jibu 2: Nyongeza. Waangalie saa tisa usiku. Wakijibana chini ya taa, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, joto limezidi. Wote wakihamia upande mmoja, kuna upepo unapenya. Ziba chini, acha wazi juu hewa itoke.

Swali: Umeme ukikatika?

Jibu 2: Madumu ya maji moto, yafungwe kwenye gunia, ubadilishe yakipoa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, tafadhali usithubutu: sumu yake haina harufu, inaua vifaranga na mlezi pia.