Agogwe wa Wembere: ushuhuda wa mwindaji tuupokee au tuutupe?

Mwana wa Iramba
Ndugu zangu, mwaka 1937 Kapteni William Hichens aliandika katika jarida la Discovery kwamba, alipokuwa akimvizia simba mla watu upande wa magharibi wa mbuga ya Wembere, katikati ya Tanzania, aliona viumbe wawili wenye manyoya ya hudhurungi, kimo chao kama futi nne, wakitembea wima mfano wa binadamu, wakatokeza upande mmoja wa uwazi wa msitu na kutokomea vichakani upande wa pili. Mwindaji mwenyeji aliyekuwa naye aliwaita agogwe. Tuupokee ushuhuda huu?

Hakiki
Tuutupe. Hakuna mfupa wala ngozi. Sampuli 9 zilizodaiwa kuwa za yeti, yule kiumbe wa manyoya anayesimuliwa kutembea kama mtu huko Himalaya, zilipopimwa vinasaba mwaka 2017, 8 zilikuwa za dubu na 1 ya mbwa. Masimulizi ya vijijini ni ya kutishia watoto wasizurure usiku.

Binti Rungwe
Kuhusu mifupa sina ugomvi nawe, Ndugu Hakiki, lakini hilo la kutishia watoto limenichoma. Wanyakyusa walikuwa na jina la kipunji, na watafiti walipolisikia mara ya kwanza hawakuwa na hakika kama ni mnyama au mzimu. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao huko mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 2005 akatangazwa, na mmoja aliyekutwa amekufa katika mtego wa mkulima shambani alipopimwa, ikalazimu kima huyo aundiwe jenasi yake, yaani kundi jipya la kisayansi lililo juu ya spishi, Rungwecebus. Mkia mrefu, nywele zimesimama utosini, mlio kama wa kubweka: mnyama wa namna hiyo angefichikaje kwa watu wanaolima ukingoni mwa msitu? Halafu magazeti yakaandika kwamba amegunduliwa!

Hakiki
Dada, kugundua kisayansi si kuwa wa kwanza kuona. Ni kueleza kwa namna ambayo mtu wa mbali ataweza kuhakiki. Tazama Bili, kaskazini mwa Kongo, ambako wawindaji walisimulia habari za sokwe wakubwa wanaolala chini na kuua simba. Mpiga picha za wanyamapori Karl Ammann alikwenda huko mwaka 1996, wengine wakafuata, na vinasaba vikaonyesha kuwa ni sokwe wa mashariki, nususpishi (tawi la spishi) ileile ya sokwe wa Gombe, Tanzania.

Binti Rungwe
Na viota vya chini, havikukutwa?

Hakiki
Vilikutwa. Ila habari ya kuua simba haikuthibitishwa.

Binti Rungwe
Basi wahesabie viota kama unavyowahesabia simba. Mtu akikosea jambo moja kati ya mawili, hufuti lile alilopatia.

Mwana wa Iramba
Mmenipeleka mbali na Wembere, lakini mmenisaidia. Kinachonisumbua kwa agogwe ni kwamba ushuhuda wenyewe si wa mwindaji. Ni wa Hichens, na yule mwenyeji hata jina hakuandikiwa, wala hatujui alitoka kijiji gani au alilijifunza wapi neno hilo. Wenye kipunji waliulizwa, wakajibu, watu wakapanda mlimani kutazama. Likizo iliyopita nilimsomea mzee mmoja wa kwetu, aliyewinda mbugani ujana wake wote, maelezo hayo neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nilirudie jina, kisha akaniuliza, "Hilo ni neno la lugha gani, mjukuu wangu?"